Kicheche na Huruma ya Mama Pimbi

Chui alimbana Kicheche mguu mpaka Kicheche akamwonyesha mlango wa pango la pimbi, kisha Chui akamwachia. Kicheche akajikokota kwenda zake. Mama Pimbi alipomwona akichechemea, alimhurumia.

"Ingia ndani, mwanangu. Kwa mguu huo hutafika popote."

Akamwosha kidonda, akamlaza kati ya wanawe. Kicheche alitaka kumwambia habari za Chui, lakini aliogopa kufukuzwa, akafumba macho. Alfajiri Chui akaingia. Walinusurika wawili tu, Kicheche na Mama Pimbi.

Majirani walipokuja kuhani, mama aliwasimulia msiba kama alivyouona yeye, kisha akamvuta Kicheche kifuani.

"Huyu ndiye mtoto niliyebaki naye."

Kicheche akafungua kinywa aseme ukweli, akajisikia akiitika, "Naam, mama."