Mgonjwa Ni Huyu

"Nimekufutia meza, mwanangu," mama mkwe alisema kwa furaha. "Na ile karatasi ya gundi nimeibandua, imechakaa mno."

Fundi, aliyekuwa ametoka kunawa, alisimama mikono ikimchuruzika maji. Karatasi ile ndiyo iliyoonyesha diski ya zamani ni ipi. Sasa diski mbili zilikuwa zimelala mezani kama pacha. Alizichomeka ili anakili ya zamani kwenda mpya; kompyuta ikaziona zote mbili, lakini haikuweza kusema ipi ni ipi. Mpya haikuwa na kitu. Ya zamani ilikuwa inakata roho, na ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu baba mkwe akiwasimulia wajukuu hadithi. Akikosea upande, utupu utaandikwa juu ya sauti ile, na hapo hakuna fundi wala mganga.

"Nimeharibu, ee?"

"Hujaharibu kitu, mama. Hebu lete mkono."

Akakiweka kiganja cha mama mkwe juu ya diski ya kwanza, kisha ya pili. Kiganja hicho ndicho kilichomuuguza mzee mpaka mwisho. Kikatulia.

"Hii," mama mkwe alisema. "Inapumua, inasita, inapumua tena. Mgonjwa ni huyu."

Fundi akagusa palepale, akatabasamu. Hakuuliza mara mbili. Akaichagua diski hiyo kuwa ya kunakiliwa, akabonyeza.

Faili la kwanza likahamia kwenye diski mpya, naye akalifungua. Kikasikika kikohozi, halafu sauti nzito: "Haya, wote mmekaa?"

Mama mkwe akavuta kiti.