Mnara wa Mwisho

Mbaruku, kinyozi kwa miaka thelathini, alikuwa ameikata karatasi ya mwisho aliyoiacha mwanawe Idarusi. Idarusi alikuwa akichapa picha za kuta, akizikata, akizikunja na kuzigundisha, hata meza ikawa mji mdogo wa karatasi ambamo yeye na rafiki yake Salha walipiganisha askari wa plastiki. Ulibaki mnara mmoja tu alipokufa.

Leo, baada ya arobaini, Salha alikuja kumaliza mchezo. Aliziona kuta za mnara, akashika mdomo.

"Baba Idarusi, vile vilimi vya pembeni viko wapi?"

"Vilivyochomoza? Nimevinyoa. Nilidhani ni takataka."

"Ndivyo vinavyopakwa gundi! Kumbe ndiyo maana Idarusi alikuwa akikuficha mkasi."

Mbaruku alicheka. "Tuchape nyingine?"

"Picha ilikuwa kwenye simu yake," Salha alisema taratibu. Simu hiyo ilisagika pamoja naye barabarani.

Mbaruku akavuta kigoda. Alizisimamisha kuta nne mahali pake, akazibana kwa vidole vya mikono yote miwili. Mnara ukasimama.

"Cheza, mwanangu. Mimi nitaushika."

Salha alitikisa kichwa. "Si zamu yangu," alisema. "Ni zamu yake."

Askari mwekundu wa Idarusi alikuwa amebakiza hatua moja kufika mlangoni pa mnara. Mbaruku alimkazia macho, lakini hakuwa na mkono wa kumsogeza.