Faili ya Salamu

Siku waliyomzika kaka yake kule Kapseret, Jelagat alibaki na laptop ya marehemu ya Linux. Ndani mlikuwa na programu ambayo kaka alikuwa akimwandikia Mama, ya kukumbusha siku za ng'ombe kuzaa. Jelagat hakuwahi kukompaili chochote, yaani kuyageuza maandishi ya programu yawe kitu kinachofanya kazi. Kila akijaribu, iligoma.

"Inasemaje?" Mama aliuliza.

"Haipati kitu kinaitwa salamu."

"Ng'ombe akipotea, si tunaanzia kwa jirani?"

Jelagat alifungua folda. Kando ya faili aliyoihangaikia siku tatu palikuwa na nyingine: salamu.c. Akaliongeza jina hilo kwenye amri, akabonyeza Enter.

Skrini ikaandika, kama kaka alivyozoea kusalimu mlangoni: "Chamgei, Mama. Umeamkaje?"

Mama alivua kitambaa cha kichwa, akajifuta macho.

"Nimeamka vizuri, kijana wangu."

Siku hizi Mama humjibu kila asubuhi, kisha huenda kukama.