Kilemba cha Ukoka

Waya ulipoingia kwenye kompyuta, vitufe vya mpira vya kibao cha ngoma za umeme viliwaka. Kila kitufe mke alikuwa amekiunganisha na sauti ya ngoma za mumewe, zilizorekodiwa kabla mume hajapatwa na kiharusi.

"Haya, baba watoto, gusa."

Mpiga ngoma akaunyanyua mkono uliopooza nusu. Kidole kikadondoka juu ya mpira kama tone la maji. Spika zikanguruma hadi vikombe vikagongana kabatini.

Mke akapiga kigelegele. Mume akakunja uso.

"Umeiongezea sauti nguvu kwenye kompyuta."

"Kidogo tu, mguso mwepesi usikike."

"Usinivishe kilemba cha ukoka, mama watoto. Irudishe ilivyokuwa."

Akairudisha. Kidole kikadondoka tena. Spika kimya.

"Safi," akasema mpiga ngoma, akikinyanyua upya. "Sasa tumeanza."