Shimo la Tatu

Fuko alitumbukia shimoni kwa mara ya kumi na tisa, na Fusae Muroi akakiweka kidhibiti cha gemu mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Alitazama vidole vyake. Havikutetemeka. Hilo halikumfariji, kwa sababu vya mama yake navyo havikutetemeka mwanzoni. Vilianza kwa kuchelewa tu. Baada ya miaka miwili mama hakuweza kufunga kifungo cha nguo yake. Baada ya mitano hakuweza kumeza uji.

Fusae alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwa miaka thelathini na minne kazi yake katika kampuni hii ya Kyoto ilikuwa kucheza gemu kabla hazijauzwa, kisha kusema kama zinafaa. Zile za Fuko alizipima zote kumi na moja: mnyama mdogo mwenye kofia ya mchimbaji, anayeruka kutoka ubao mmoja hadi mwingine akipanda kulitafuta jua. Hii ilikuwa ya kumi na mbili. Kila mara alianza vilevile. Alikwenda hadi shimo la tatu, akangoja pua ya Fuko iguse ukingo, akabonyeza kitufe. Alirudia mara arobaini na kuandika kila mrukio daftarini. Katika gemu zote kumi na moja hakuwahi kuanguka hapo.

Jumanne alianguka mara kumi na saba. Leo, Alhamisi, kumi na tisa, na alikuwa hajafika arobaini.

Kumlaumu Fuko hakukumjia akilini. Mrukio ule haukuwahi kuguswa tangu gemu ya kwanza. Kulikuwa na watoto waliokua, wakaoa na kuzaa, na bado wakawa nao vidoleni. Mtu hasemi kwamba mlima umesogea. Husema miguu yake imechoka.

Wala hakuwa na wa kumuuliza. Wapimaji walikuwa saba, kila mmoja kwenye kibanda chake cha pazia, hedifoni masikioni. Mpaka fomu za tathmini zikabidhiwe, ilikuwa marufuku kuizungumzia gemu, hata ndani ya lifti, ili maoni ya mmoja yasimwambukize mwingine.

Wakati wa chakula Nagisa Ueki aliketi karibu naye na bakuli la tambi. Nagisa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na walisema ana mkono mwepesi kama wa paka. Kawaida yake ilikuwa kumtania Fusae kwamba alimjua Fuko tangu hajabalehe. Leo hakumtania; aliuliza bila kuinua macho.

"Mama, unalala vizuri siku hizi?"

"Nalala. Kwani nimechakaa?"

"Hapana, nauliza tu. Nasikia mtu akikosa usingizi mikono huwa mizito."

Ameniona, Fusae aliwaza. Aliiteremsha mikono yake chini ya meza na kusema tambi za leo zina chumvi nyingi. Nagisa alikubali haraka kwamba zina chumvi.

Jioni, nyumbani, alimwaga punje za soya kwenye sinia, akaziokota kwa vijiti, moja moja, akiitazama saa. Thelathini kwa dakika, na hakudondosha hata moja. Furaha yake ilidumu kikombe kimoja cha chai. Kisha akakumbuka kwamba soya hazikimbii.

Ijumaa fomu zilikuja. Swali la saba lilikuwa lilelile la miaka yote: je, mrukio wa Fuko uko kama zamani? Kalamu ilisimama hapo muda mrefu. Jumatatu asubuhi gemu ingepelekwa kiwandani. Watu mia tatu walikuwa wameifanyia kazi kwa miaka minne, na yeye alikuwa na ushahidi gani zaidi ya vidole vya mwanamke mzee? Alijiona amelazwa kwenye kitanda cha mama yake, kijiko kikimkaribia mdomoni. Aliandika "Uko sawa", akapiga muhuri wake na kuikabidhi fomu.

Kisha akatoa karatasi nyeupe na kuandika kwa mkono, kwa wino mweusi, barua ya kuomba kuacha kazi. Hakutaja ugonjwa. Aliomba radhi kwa usumbufu, akasema mikono yake haistahili tena kumpima Fuko. Aliikunja mara tatu kama desturi inavyotaka, akaitia kwenye bahasha nyeupe, akapanda ghorofa ya tatu kwa ngazi ili asikutane na mtu.

Bwana Sugimori, mkuu wa idara, alikuwa ameajiriwa mwaka mmoja na yeye. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Mezani kwake fomu ya Fusae tayari ilikuwa juu ya nyingine sita, na zote zilijibu swali la saba kwa namna moja: uko sawa.

Fusae aliinama, akaitoa bahasha kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kuulizwa sababu. Alikuwa hata amejiandaa kubembelezwa.

Sugimori hakuuliza. Alivuta droo ya meza yake. Ndani zilikuwamo bahasha sita nyeupe, zimepangwa sawasawa.

"Ya Nagisa ndiyo iliyotangulia," alisema kwa sauti ya chini, akiichomoa na kumpa. "Ana miaka ishirini na miwili, dada yangu. Hebu soma."

Barua ilikuwa fupi. *Naomba radhi kwenu nyote,* binti alikuwa ameandika. *Vidole vyangu vimezeeka.*