Shangazi wa Jedwali

Watoto wote wa Muheza walisomea nyumbani, mbele ya kioo cha masomo kilichotundikwa ukutani, na jedwali la kuzidisha walifundishwa kwa hadithi za Shangazi Tabu, mwalimu mwenye mwanya aliyeonekana humo kiooni. Shangazi alibeba vikapu saba, kila kimoja na machungwa manane. Salha, binti wa miaka saba, alitamka hamsini na sita kabla kikapu cha mwisho hakijatua.

Mama yake, Mwantumu, alifurahia akili ya mwanawe. Kilichomkera ni kuwa siku hizi mtoto alimwamkia Shangazi kabla ya kumwamkia yeye.

Jumatatu moja mkaguzi wa masomo akapiga hodi. Mwantumu alipofungua tu, Salha alimpita mbio.

"Shangazi Tabu! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu!"

Mwantumu akamtazama mkaguzi usoni. Uso ulikuwa ule ule wa kwenye kioo, hata mwanya haukupungua.

"Samahani, dada, mbona umefanana naye hivyo?"

"Wakaguzi wote tunafanana naye, mama. Hivyo watoto hawatuogopi."

Aliketi, akampakata Salha. Hakumuuliza hesabu hata moja.

"Hebu niambie, kipenzi. Baba na mama wakikifunika kioo kwa kanga, huwa wanazungumza nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mkaguzi kwamba walikuwa wakikifunika. Mwantumu akamkonyeza bintiye anyamaze.

Salha alimtazama mama yake kidogo, kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha akajiegemeza kifuani kwa Shangazi, akaanza kusimulia.