Zawadi ya Zena

Siku hizo, mtu aliyezaliwa na jeni imara za kinga aliruhusiwa kumgawia mtu mmoja tu, mara moja maishani, chembe zake za damu zinazowinda saratani. Mbaruku alikwisha kumpa Mwanamisi, mkewe wa kwanza, kabla hawajaachana. Nyamvula, mke wa sasa mwenye jeni dhaifu, aliolewa akilijua hilo.

Siku ya harusi ya Zena, binti aliyemzaa na Mbaruku, Mwanamisi alikuja kusaidia kupika. Mbaruku alichungulia jikoni.

"Mwili haujambo, mama Zena?"

"Sijambo. Walinzi wako hawalali," Mwanamisi akajibu akicheka.

Nyamvula aliinamia vitunguu, akivikata kwa wivu. Mapenzi angeyavumilia, maana mapenzi hupoa. Lakini mumewe alikuwa akikesha ndani ya damu ya mwanamke mwingine, na angekesha humo hadi kufa.

Mbaruku alipoondoka, Mwanamisi akasema, "Mwenzangu, Zena amerithi kinga ya babake. Alitaka akupe wewe uliyemlea. Nimemkataza, ampe mumewe."

"Umefanya vyema," Nyamvula akasema. Akanawa mikono, akaenda chumbani kwa bibi harusi.

Zena alikuwa anakausha hina. "Mama amekuambia?" akauliza kwa wasiwasi.

"Ameniambia, mwanangu. Amefikiri upya. Amekubali."

Zena akatabasamu, akamnyooshea mkono. "Basi chembe zangu ni zako." Nje, vigelegele vilikuwa vikimpokea bwana harusi.